Sindano Baada ya Ushuhuda

Nyumbani kwetu, mtu akisema "tunaenda Kawangware" alikuwa na maana ya kliniki ya saratani. Jirani akituuliza tunaelekea wapi asubuhi yote hiyo na masweta, Mama alijibu Kawangware. Hakuwa anadanganya kabisa, kwa sababu tulipitia huko kumchukua rafiki yangu Wambui na mama yake kabla ya kuendelea hospitalini. Lakini mbele ya Kawangware kulikuwa na safari nyingine, na hiyo aliijua Baba tu. Kanisani hakuijua mtu.

Haya nayaandika kwa msichana aliyemaliza dawa, nywele zimerudi, kila mtu amemwambia amepona, halafu siku moja akaambiwa kliniki kwamba kuna sindano nyingine. Kama ni wewe, karibu. Sitakueleza mambo ya seli, hayo muulize daktari wako, ni kazi yake. Mimi nitakueleza yaliyotupata sisi, watu wa chumba kimoja katika mtaa wa mabanda wa Gatwekera.

Niliugua nikiwa na miaka minane. Saratani ya damu. Mama yangu ni msusi, na wakati huo alikuwa na kibanda chake Lindi, mtaa wa jirani, cha mabati, chenye benchi moja na kioo kilichopasuka kwenye kona. Nywele zangu ndizo zilikuwa tangazo lake. Jumapili alinisuka mtindo mpya, nikaenda nao kanisani, na Jumatatu wateja wakaja kumwambia, "Nisuke kama Nekesa." Ukae na wazo hilo halafu ufikirie asubuhi nilipoamka na kukuta nywele zimebaki kwenye mto. Mama alizikusanya zote mkononi, akatoka nje nazo, akakawia huko. Aliporudi alikuwa amenawa uso na aliniuliza kama nataka uji.

Watu hawaniamini nikisema nina hamu na ile wadi. Si hamu ya kuumwa, Mungu apishe mbali. Ni hamu ya sauti zake. Sufuria za uji zikija na gari lao la magurudumu mabovu, mama mmoja wa Kakamega aliyeimba chinichini akikunja nguo, watoto wa vipara wakikimbizana na chuma cha dripu mpaka wafokewe. Tulilala wawili kitanda kimoja, kichwa huku miguu kule. Mwenzangu alikuwa Wambui wa Kawangware, aliyenizidi mwaka mmoja. Siku ya kwanza alinipokea hivi: "Sasa. Osha miguu, hapo ndio iko uso yangu."

Kulikuwa na dawa nyekundu tuliyoiita juisi. Siku ya juisi hata mkojo ulitoka mwekundu, na Wambui alisema tumegeuka mashine za soda. Kulikuwa na vidonge vidogo vyeupe vilivyoniletea njaa ya mtu wa kazi ya mjengo. Niliamka kabla ya jua nikitaka omena na chapati, na Mama akazitafuta, sijui wapi, akazileta zikiwa moto kifuani mwake. Uso wangu ukavimba ukawa duara. Wafula, ndugu yangu mdogo, alipoletwa kuniona alijificha nyuma ya Baba.

Wafula ndiye aliyelipia ugonjwa wangu bila kuulizwa. Mama hakuweza kuwa hospitalini na nyumbani, kwa hivyo Wafula alipelekwa Bungoma kwa nyanya. Aliporudi, nikiwa karibu kumaliza dawa, alimsalimia Mama akamwita shangazi. Mama aliitika. Baba alitoka nje akaanza kurekebisha mlango ambao haukuwa umeharibika. Miaka ile Baba na Mama waligombana kuhusu sukari, kuhusu taa, kuhusu nani aliacha ndoo njiani. Nadhani waliogopa kugombana kuhusu kile kitu chenyewe.

Kliniki ilikuwa ya kungoja. Unafika mapema, unakaa kwenye benchi refu koridoni, jina lako linaitwa jua likiwa juu. Mama hakuweza kukaa bure. Alitoa kitana mkobani na kuanza kumsuka mama aliyekuwa karibu naye, yeyote yule, na akimaliza anahamia kwa mwingine. "Mikono ikikaa bure inaanza kufikiria," alisema. Mimi nilikaa miguuni pake na kipara changu nikishika uzi. Akina mama waliingia na vitambaa kichwani, wakatoka na mistari iliyonyooka, na koridoni kukawa na mazungumzo ya waume na wakwe badala ya kile kimya. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya nywele nakumbuka lile benchi, na moyo unatulia.

Kitu kimoja tu hakikuwa na utani, ile sindano ya mgongo. Unakunjwa kama mtoto mchanga na hutakiwi kusogea hata kidogo. Mama ndiye alinishika. Alisimama mbele yangu, akakibana kichwa changu tumboni mwake kwa mikono miwili, na mimi nikapiga kelele ndani ya leso yake. Nilimwambia maneno mabaya. Nilimwambia simpendi. Alinishika hivyo mvua ndefu zikapita, baridi ya Julai ikapita, mijakaranda ikamwaga maua njia nzima, na tukaanza upya.

Niliponaje, sijui. Nilipona.

Sasa lazima nikueleze desturi ya kanisa letu, la sivyo hutaelewa kilichofuata. Kanisa ni la mabati, karibu na reli, na akina mama ndio wanaolibeba. Mtu akiponywa, anasimama Jumapili anatoa ushuhuda, akina mama wanampigia vigelegele, na jambo lile linafungwa. Ukishashuhudia, hurudi nyuma. Kurudi hospitalini kwa ugonjwa ule ule ni kama kusema ulidanganya mbele ya madhabahu. Mchungaji hakuwahi kutufundisha hivyo, nataka nimtendee haki. Ilikuwa sheria ya akina mama wenyewe, na ilishikwa kuliko zile za mchungaji.

Mama alishuhudia nilipomaliza dawa. Nywele zilikuwa zimerudi, laini na zenye mawimbi, hazikufanana na zile za kwanza, naye alikuwa amenisuka usiku kucha nywele zisizoshikika. Mama Atieno, kiongozi wa akina mama na rafiki yake mkubwa, alisimama kando yake akimshika kiwiko. Mama akasema, "Huyu mtoto nilimshika akidungwa mpaka mikono ikakufa ganzi. Leo namwambia Mungu mbele yenu, sindano imekwisha. Hakuna sindano itaingia huyu mtoto tena." Vigelegele vilitoboa mabati. Nilicheka kwa furaha na nilimwamini.

Lakini kliniki haikuisha. Walitaka kutuona kila baada ya miezi kadhaa, kupima damu. Hapo ndipo Kawangware ilipozaliwa. Kuhusu ile sindano ya kupima, Mama alikuwa na hoja yake: hiyo inatoa, haiingizi. Kiapo chake kilihusu ya kuingiza. Ungemsikia akieleza ungedhani amesomea sheria.

Kisha watu wa chanjo walikuja shuleni. Ilikuwa ile ya HPV, ya kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi. Mwalimu alimpigia Mama simu, na Mama akajibu kwa upole kwamba binti yake amemalizana na sindano. Wasichana wote walitoka, nikabaki darasani na wavulana. Walirudi wakisugua mabega na kujigamba, "Mimi hata sijaskia uchungu." Niliwaonea wivu, mimi niliyewahi kumng'ata nesi mkono.

Nilikuwa na miaka kumi na saba daktari wa kliniki aliponiuliza kama nilipata hiyo chanjo. Nikasema la. Akaweka kalamu chini. Akatuambia kwamba sisi tuliopitia zile dawa tukiwa wadogo, mwili wetu unaweza kukosa nguvu ya kukifukuza kirusi kinacholeta saratani hiyo, na kwa hivyo tunaihitaji kuliko hata wenzetu, tena mara tatu. "Nisingependa kukuona tena kwa saratani nyingine," alisema. Wambui alikuwa ameshapata ya kwanza. Mama alisema tutafikiria, na sote tulijua maana yake.

Nilimkabili Jumapili hiyo akinisuka. Usibishane na msusi akiwa na kichwa chako mkononi, kila ukiongea anavuta.

"Mama, amesema ni ya kuzuia tu. Si ati ugonjwa imerudi."

"Nilimskia venye alisema."

"Basi?"

"Nilisimama mbele ya watu, Nekesa. Nilisema nini?"

"Ulisema sindano imekwisha."

"Basi imekwisha."

"Na nikipata hiyo ingine? Utasimama tena ushuhudie?"

Mikono ikasimama. Nilidhani nimevuka mpaka na nitapigwa kitana. Badala yake aliongea taratibu, na maneno yaliyotoka sikuyatarajia. "Watu wanasema hiyo sindano inafunga kizazi. Mimi najua ni maneno ya watu. Lakini zile dawa zako za kwanza, daktari wa wakati huo aliniambia hawezi jua kama utawahi zaa. Ulikuwa mdogo, ningekwambia nini? Sasa kama kuna kitu ilibaki huko ndani, mimi ndio nipeleke mtu akaimalize?"

Hivyo ndivyo nilivyojua. Kichwa kimesukwa nusu, nusu nyingine imesimama juu. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka, kwa sababu tumbo langu lilikuwa limejadiliwa miaka hiyo yote na mimi nikicheza mpira wa kati nje. Niliondoka na nusu kichwa hivyo hivyo, nikaenda kwa Wambui. Mama yake alinitazama tu, akanipa kitambaa na sahani ya githeri.

Wambui hakuwa na huruma ya kupoteza. "Si ungojee ufike kumi na nane, uende tu," alisema. "Mimi nitakuja na wewe. Lakini kwanza uliza huyo daktari hiyo mambo ya kizazi, badala ya kulia kwa githeri ya mamangu."

Nilimuuliza. Wewe pia uulize, usibebe maneno ya watu miaka mingi kama Mama. Daktari aliniambia chanjo haigusi kizazi. Kuhusu zile dawa za zamani alisema wengi waliozipata wana watoto wao, na wengine hawakubahatika, na kwangu kutajulikana wakati wake. Nililia kidogo kwenye kiti chake, halafu nikajisikia mwepesi. Nilimpelekea Mama jibu hilo nyumbani. Alisema ahsante, akaendelea kuchambua mchele. Nikaamua kungoja siku yangu ya kuzaliwa, na nikaogopa siku hiyo, maana nilijua nikienda bila yeye kuna kitu kitakatika kati yetu.

Wakati wa mvua fupi za mwaka huo ndipo Mama Atieno alipoacha kuja kanisani. Ilisemekana ni mgongo. Siku moja binti yake, Atieno, msichana wa miaka kumi na tatu mwenye aibu nyingi, alikuja kibandani akamwomba Mama aende kumsuka mama yake nyumbani. Nilibeba uzi na mafuta.

Chumba kilikuwa kimefukizwa udi wa jirani zao Wanubi, lakini udi haukufaulu kuficha harufu ya ugonjwa. Mama Atieno alikuwa amelala ubavu. Mwanamke aliyekuwa akitikisa mabati kwa sauti yake alikuwa amebaki mdogo kwenye blanketi. Mama alipanda kitandani, akakiweka kile kichwa mapajani, akaanza kuchana. Atieno alitumwa maji.

"Nisivute?" Mama aliuliza.

"Vuta tu. Huko siskii kitu."

Mama alisuka mstari mmoja, wa pili. "Ile damu yako ilirudi," alisema, wala hakuwa anauliza. Mama Atieno alikuwa ameshuhudia kupona kutokwa na damu hiyo, miaka michache nyuma, na sote tulimpigia vigelegele.

"Ilirudi kabla ya Krismasi ile ingine."

"Na hukuenda?"

"Ningeenda na uso gani, Mama Nekesa? Si nilikuwa nimeshuhudia. Wewe ndio ulinishika mkono." Alipumzika. "Saa hii wanasema ni saratani, na imeenda mbali. Ya kizazi."

Wiki hiyo hiyo sisi tulikuwa tumetoka Kawangware. Nilimwona akishika kitana hewani, midomo imefunguka, na nikafikiri atamwambia siri yetu. Akakishusha. Alisuka mpaka mwisho, mistari myembamba ya kwenda nyuma, mizuri kuliko yoyote niliyowahi kuiona, na Mama Atieno alizikwa nayo Siaya kabla ya mwezi kuisha.

Baada ya mazishi Mama alifunga kibanda kwa siku kadhaa. Hakuwahi kufanya hivyo hata nilipokuwa wadini. Alikaa mlangoni mwa nyumba akiwasalimu wapita njia, mikono mapajani, imekaa bure.

Nilitimiza miaka kumi na nane wakati wa baridi. Jioni moja nilimkuta akikata sukuma, nikamwambia, "Mama, kesho naenda Kawangware."

Hatukuwa na miadi ya kupimwa na alilijua hilo. Kisu kiliendelea. "Uende na sweta," alisema. "Kuna baridi."

Basi nilikwenda na Wambui. Lile benchi lilikuwa pale pale, limepakwa rangi mpya, na watoto wa vipara wapya walikuwa wakivuta vyuma vya dripu. Nilijisikia mkubwa sana na pia wa miaka minane. Wambui alikuwa akinieleza jinsi bega litakavyouma, kwa furaha isiyofaa, aliponyamaza katikati. Mama alikuwa akija koridoni, amevaa ile leso ya zamani, mkoba begani.

"Songeni," alisema. Akaketi nyuma yangu, akanifungua kitambaa, akatoa kitana. "Ulitoka nyumbani na hii kichwa? Watu watasema huna mama."

Alinisuka mpaka jina langu likaitwa. Tukaingia pamoja. Nesi alikuwa kijana, hakutujua. Aliniambia nikunje mkono wa sweta, na kabla sijamaliza Mama alikuwa ameshasimama mbele yangu, mikono imeinuka, mahali pale pale aliposimama miaka yote ile.

"Mama, hii haina haja ya kushikwa."

"Najua," alisema, lakini mikono haikushuka.

Nikaegemeza kichwa changu tumboni mwake, kwa hiari yangu. Leso ilinuka mafuta ya nywele. Sindano iliingia na kutoka kabla sijavuta pumzi, na nikaisikia pumzi yake yeye ikitoka ndefu juu ya mistari aliyonisuka. Nesi akasema, "Imeisha, mathe," na Mama akanishika vile vile kwa muda kidogo.

Bega liliuma siku mbili. Hilo Wambui hakudanganya. Ya pili tulipata jakaranda bado hazijachanua. Ya tatu ilikuja na mvua, tukarudi Gatwekera na matope mpaka magotini, Mama akicheka peke yake njiani kwa jambo alilokataa kuniambia.

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, alisimama. Akina mama waligeuka. Hakuna mtu aliyewahi kusimama mara ya pili kwa jambo lililofungwa. Niliangalia viatu vyangu.

"Nilisema hapa hakuna sindano itaingia mtoto wangu tena," Mama alisema. "Zimeingia tatu. Nilimpeleka mwenyewe. Na miaka yote hii tumekuwa tukienda kupimwa, mimi nawadanganya. Mungu aliponya mtoto wangu, hiyo sibadilishi. Lakini nilikuwa na rafiki hapa, na alikufa akidhani ni yeye pekee anataka kurudi."

Akaketi. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mvua iligonga mabati, mtoto akalia mahali, mtu akakohoa. Nikaushika mkono wa Mama.

Kisha nikamsikia mtu akisogea kwenye benchi la nyuma yetu. Alikuwa Atieno, kitambaa cheusi cha maombolezo bado begani. Aliinama katikati yetu. "Mama Nekesa," alinong'ona, "na mimi naeza dungwa hiyo? Ni wapi huwa mnaenda?"

Nilifungua mdomo kusema Kawangware, kwa mazoea. Mama aliniwahi, akageuka mzima mzima kwenye kiti, na akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa mchungaji:

"Hospitali, mtoto wangu. Tunaenda hospitali."